Maneno Yako Niliyoyachuja

Mama,

Jambo. Nakuandikia nikiwa chumba cha kufulia, chini ya ghorofa letu hapa Akalla, nimekalia lile benchi ulilosema limetengenezwa kwa watu wasio na makalio. Kufuli lako lenye namba ya nyumba yetu bado liko kwenye ubao wa kushikia zamu za kufua, Jumamosi saa nne asubuhi, pale pale ulipoliweka. Sijalisogeza. Jirani wa ghorofa ya tatu, yule wa kubandika vikaratasi vya malalamiko, ameliangalia mara mbili akaondoka bila kubandika kitu. Kwa mtu kama yeye hizo ni rambirambi.

Ndani ya mashine kuna kitambaa kimoja tu. Najua ungenipigia kelele, mashine nzima kwa kitambaa kimoja. Lakini ni kile kitenge cha njano chenye ndege wa buluu, ulichompa Kocha Annika siku ya kikao. Amekirudisha. Nitakueleza ilivyokuwa, ila lazima nianzie mbali, kwa sababu kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai. Naliandika kwa Kiswahili cha kitabuni, kile ulichonifundisha kwa Biblia yako mezani jikoni, ingawa wewe mwenyewe uliongea cha kwetu Uvira, Kongo, mpaka siku ya mwisho na mimi nikawa nakujibu kwa Kiswidi. Hilo nalo nisamehe. Liweke kwenye foleni na mengine.

Nilianza kukutafsiria nikiwa na miaka tisa. Unakumbuka mwalimu wangu aliposema Riziki anaongea mno darasani? Nikakuambia anasema Riziki anashiriki vizuri sana. Ulimshukuru mpaka akachanganyikiwa. Na huyo jirani wa vikaratasi, alipodai umeacha vumbi kwenye mashine ya kukaushia, wewe ulisema nimwambie ana roho ya nyoka. Nikamwambia mama anaomba radhi. Akakupa mkono, ukampa mkono, na kwenye lifti ukacheka ukisema leo amesikia. Ndivyo tulivyoishi. Maneno yako yakipita kwangu nilikuwa nayachuja kama chai, majani yanabaki kwangu, wao wanapata kilicholainika. Nilidhani nakulinda. Nadhani pia nilikuwa naona haya, na haya hiyo sikuwahi kuikiri hata kwenye sala.

Sasa, Annika. Aliniona golini kwenye uwanja wa barafu wa mtaani nikiwa na miaka kumi na sita, na viatu vya kuazima vilivyonibana. Alikuwa kocha mkuu wa timu ya wanawake ya hoki ya barafu pale chuoni ninaposoma sasa. Alinisubiri miaka mitatu, akanitafutia pedi na helmeti, akanisaidia kujaza fomu za kuomba nafasi. Alikuja kwetu akala fufu na sombe, majani yetu ya muhogo, kwa mkono, akaomba kuongezewa, na akiwa bado hajafika kwenye lifti ukasema, "Huyu njo muzungu ya kwetu." Ulikuwa unatushonea mikanda ya pedi iliyokatika, mimi na nusu ya timu, kwa ule uzi wako mnene wa kijani. Hadi leo ukiona golikipa au beki wa chuo chetu ana mshono wa kijani, ni mkono wako.

Yale mengine ya Annika hukuyaona, maana mimi ndiye niliyekuwa mlango wako na mlango ulifungwa. Alitupima uzito mbele ya wenzetu na kusoma kilo kwa sauti. Tukifungwa mechi alituacha barafuni saa nzima tukikimbia mstari hadi mstari, mpaka mtu atapike. Aliyelia aliitwa mgeni mbele ya wote kwa juma zima. Wengine walimchukia. Wengine, mimi nikiwa mmoja wao, tulimpenda kwa namna ya watu wanaoogopa. Kabla yake timu ilikuwa inafungwa na kila mtu. Yeye alitufanya tushinde.

Lakini la Ebba uliliona kwa macho yako. Ebba, beki wangu, yule mrefu wa nywele nyeupe aliyekuwa anakuita "Mamma Riziki". Aligongwa kichwa ukutani kipindi cha pili, akaenda chooni kutapika, na kipindi cha tatu Annika akampa maji na kumrudisha. Wewe ulikuwa jukwaani na thermosi yako. Ulimwona akijikwaa kwa miguu yake mwenyewe. Nyumbani ulikataa kula. Ulisema huko kambi ya wakimbizi ulishaona watu waliopigwa kichwa wakasimama, na kusimama kwao hakukuwa na maana yoyote.

Baada ya hapo wazazi wa Ebba wakaomba kikao. Tulikuwa watu wazima kisheria, lakini wazazi wakikasirika nchi hii kikao hakikosekani, na kahawa na mikate ya mdalasini ikatengwa mezani kama kawaida. Chuo kiliuliza kama kuna mzazi anayehitaji mkalimani. Annika akasema hapana, Riziki yupo. Kabla hatujaingia alinishika bega kwenye korido akaniambia msimu huu golini ni mimi, namba moja, mechi zote. Hakuniomba kitu. Nataka ujue hivyo, hakuniomba. Nilijiomba mwenyewe.

Wazazi walisema, wengi kwa hasira, wengine wakimtetea. Ndipo mkuu wa michezo akakugeukia akauliza mama wa Riziki anaonaje. Ulisimama. Hakuna mwingine aliyesimama kikao kizima, Waswidi wanasema wakiwa wamekaa, lakini wewe ulisimama na kuweka sawa kitambaa chako cha kichwa. Maneno yako nayakumbuka yote:

"Umuambie ivi. Mie niko namupenda, njo maana namusemesha mbele ya bantu. Lakini mutoto wa bantu akiumia kichwa, asimurudishe mu mchezo. Apo alikosa. Aombe bazazi ba ule mutoto musamaha."

Watu ishirini wakanitazama mimi.

Nikasema kwa Kiswidi: mama anamshukuru kocha kwa yote. Amewafanya mabinti zetu kuwa na nguvu. Familia yetu ina imani naye.

Hivyo tu. Haikuchukua hata nusu dakika. Mama yake Ebba aliinamisha uso. Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, kwa kuwa ni nani angebishana na mkimbizi kutoka Kongo aliyesimama na kusema ana imani? Katibu akaandika kwenye muhtasari wa kikao, jina lako na maneno yangu. Annika akaja kwako macho yakiwa yamejaa machozi, akakukumbatia.

Na wewe, mama yangu, ulidhani anatubu. Hili ndilo linaloniua. Ulidhani umemwonya mtu mzima mbele ya watu na amekubali kama mtu mzima. Kwa hiyo ukafanya kama inavyofanywa kwetu mtu akishaonywa na kukubali, ukampa kitu ili maneno yaishe. Ulikuwa umekuja nacho kwenye mkoba, kitenge cha njano, umekikunja tangu asubuhi. Ulikuwa na hakika atakubali! Ukamfunga mabegani. Yeye akadhani ni shukrani. Mlikuwa mnalia nyote wawili, kila mmoja kwa sababu yake, na mimi nimesimama katikati nikiwa mtu pekee chumbani anayejua kinachoendelea.

Kanisani kwetu Spånga ulisimulia Jumapili tatu mfululizo. Jinsi ulivyomkemea mzungu, jinsi alivyolia, jinsi alivyo na moyo mzuri. Mama Espérance alikuambia Waswidi hawaonyeki, ukasema huyu ameonyeka.

Wiki chache baadaye Ebba aligongwa tena. Mara hiyo alibebwa. Hukuwepo, ulikuwa zamu jikoni kwenye ile nyumba ya wazee. Ulikuwa unaniuliza kila Jumapili, "Ule mutoto, kichwa yake inaendelea?" na mimi nikasema inaendelea vizuri. Haikuendelea vizuri, mama. Aliacha chuo. Hawezi kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho. Mwanga wa dirishani unamuumiza. Wazazi wake walipolalamika tena, chuo kiliwatolea ule muhtasari, kikawaambia wazazi wenzenu wana imani na kocha. Annika akaendelea msimu huo wote na mwingine. Nami nikasimama golini, namba moja, mechi zote.

Kisha ukaumwa tumbo, na lile tumbo likawa saratani ya kongosho. Daktari alinizuia nisikutafsirie. Alisema hospitalini watoto hawawatafsirii wazazi wao, akapiga simu kwa mkalimani, ikatoka sauti ya baba wa Kitanzania, taratibu kabisa: "Mama, pole sana. Daktari anasema ugonjwa umeshasambaa. Hautapona. Watakupa dawa za kupunguza maumivu." Mimi ningekuambia ni kidonda. Nilikuwa nimeshaiandaa sentensi. Wewe ukaisogelea simu ukauliza, "Baba, umesema yote?" Akasema, "Nimesema yote, mama." Ukamwambia aksanti sana. Halafu ukanitazama, Riziki wako, muda mrefu. Mpaka leo sijui ulichokuwa unakitazama. Ulijua? Kama ulijua, kwa nini hukuniuliza? Nilikuwa nimekaa hapo kitandani kwako siku kumi na moja, ungeniuliza tu.

Kwenye matanga nyumba ilijaa mpaka kwenye ngazi. Annika alikuja. Alikuwa amejifunga kitenge chako shingoni, na watu walimpisha kwa heshima. Akaomba kusema neno. Mchungaji wetu, yule Mrundi, akamtafsiria kwenda Kiswahili, neno kwa neno kama afanyavyo. Akasema, wakati wote walipokuwa wananipiga mawe, mwanamke huyu alisimama peke yake akasema ana imani nami. Sitasahau.

Nilikuwa nimeshika sinia la chapati. Niliona vichwa vya akina mama wa kanisa vikiinuka kimoja baada ya kingine. Mama Espérance alinisubiri jikoni, tukiwa tunasuuza vikombe, akasema bila kunitazama:

"Riziki. Mama yako hakusemaka vile."

Nikasema najua. Akasema, "Basi urudishe maneno ya mama yako." Akaendelea kusuuza.

Sikuyarudisha. Usinidhanie mwema. Nilikaa nayo miezi miwili, nikacheza mechi, nikashinda nyingi. Ni msichana wa mwaka wa kwanza, si mimi, aliyekwenda kushtaki kwamba amechezeshwa na mbavu iliyovunjika. Chuo kikaajiri mwanasheria wa nje kufanya uchunguzi. Akatuita mmoja mmoja. Alikuwa mama mnyamavu mwenye soksi za sufu, na juu ya meza yake kulikuwa na ule muhtasari, na jina lako limepigwa mstari. Akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikatazama jina lako. Nikasema, mama yangu hakusema hivyo. Alisema kocha asimrudishe mtoto aliyeumia kichwa, alisema amekosa, alisema aombe msamaha. Mimi ndiye niliyebadilisha.

Aliandika yote. Akaniuliza kama naelewa uzito wa ninachosema. Nikasema naelewa kuliko anavyodhani, halafu nikalia kwenye mikono ya koti kama mtoto mdogo.

Annika aliondolewa mwezi uliofuata. Chuo kilitoa tangazo la mistari minne lisilo na kosa wala mkosaji, wanajua sana kuandika hivyo. Timu imegawanyika vipande viwili. Nusu hawanisemeshi kwa kuwa nimemsaliti aliyenitoa mtaani. Nusu nyingine hawanisemeshi kwa kuwa nilichelewa, na hawa wana haki. Kocha mpya anaitwa Lotta. Ana sauti ndogo na anasoma majina yetu kutoka kwenye karatasi. Tumefungwa mechi tano. Mimi sasa ni golikipa namba mbili, na kwa kweli napumua vizuri zaidi nikiwa benchi.

Nilikwenda nyumbani kwa Ebba. Mama yake alifungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, akasema Ebba amelala. Ilikuwa saa saba mchana. Baadaye Ebba akanitumia ujumbe, nadhani ulimchukua muda kuuandika: "Asante kwa kusema. Tafadhali usije tena." Siendi.

Na kitenge nilikikuta kimetundikwa kwenye msumari wangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kwenye mfuko wa plastiki, bila barua. Kilinukia manukato ya Annika. Nilikiacha kabatini wiki nne.

Sasa sikiliza kilichotokea juzi, maana ndicho kilichonileta kwenye benchi hili. Amejiunga binti mpya, Mrundi wa Spånga, ana miaka kumi na tisa na kasi ya ajabu. Mama yake alitaka kumwona kocha kabla hajamwachia mtoto. Mkalimani wa chuo akaugua siku hiyo hiyo. Lotta akaniomba mimi, hakujua anaomba nini, na nikakubali kabla sijafikiri. Tukakaa wanne. Lotta akaeleza habari za daktari wa timu, na kwamba aliyegongwa kichwa anatolewa mechi hiyo na hakuna mjadala. Nikatafsiri. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, mkoba mapajani, akasema:

"Ngoja kwanza. Muulize kocha wako kama huyu anayenitafsiria ndiye yule msichana aliyemgeuzia mama yake maneno."

Habari zetu zinatembea, mama, unatujua. Binti yake akamwambia kwa Kiswidi anyamaze, masikio yamemwiva kwa aibu. Lotta akanigeukia, akisubiri. Niliiona ile sentensi nyingine imeshapangwa kichwani, laini kabisa: mama anauliza kuhusu vifaa. Ilikuwepo, imeiva. Nikaimeza. Nikasema kwa Kiswidi, anauliza kama mimi ndiye niliyebadilisha maneno ya mama yangu. Kisha nikamjibu yeye kwa Kiswahili, ndiyo, ni mimi, na hilo nalo nikalitafsiri. Lotta akawa mwekundu. Yule mama akanitazama kwa namna uliyonitazama hospitalini, akasema, "Basi tuendelee." Tukaendelea nusu saa. Sikuchuja hata jani moja. Nilitoka hapo shati limelowa kuliko baada ya mechi.

Kwenye treni ya kurudi nilikuwa narudia yale maneno yako ya kikaoni, kwa sauti yako, nikijisifu kidogo kwamba hatimaye yako kwenye karatasi. Ndipo nikasikia. Kwa mwanasheria nilisema asimrudishe mtoto. Nilisema amekosa. Nilisema aombe msamaha. Ulichoanza nacho sikukisema. "Mie niko namupenda." Hilo nililiacha. Nilikuwa na hasira naye, na haya, na nilitaka umwangukie kama jiwe. Kwa hiyo nilikuchuja tena, safari hii nikamwaga chai nikabakiza majani. Annika amesoma ile ripoti ya mwanasheria. Anajua sasa kwamba ulimlaumu. Anaamini kwamba siku ulipomfunga kitenge ulikuwa unamdharau moyoni. Ndiyo maana amekirudisha. Ningekuwa yeye ningekichoma.

Simwonei huruma sana. Ebba yuko gizani na Annika ndiye aliyemrudisha barafuni, na mimi ndiye niliyehakikisha hakuna anayemzuia. Hilo halibadiliki. Lakini wewe hukuniambia niwaambie chuo wala mwanasheria. Ulisema, "Umuambie." Yeye. Na miaka miwili imepita, umekufa, amefukuzwa, na bado sijamwambia.

Mashine imesimama. Kitenge kimetoka safi, rangi haikuchuja. Ungefurahi, ulibishana sana na muuzaji yule kama ni chenyewe. Nitakikausha nikikunje kama ulivyokikunja. Annika anakaa Hagsätra, mwisho wa laini ya kijani ya treni, nasi tuko mwisho wa ya buluu, kwa hiyo nitakuwa na muda wa kuogopa. Labda hatafungua. Labda atafungua kiasi cha kupitisha mkono, nimezoea. Nitasema hapo hapo mlangoni.

Lala, mama. Jumamosi saa nne ni yako, silitoi kufuli. Nakuahidi nitamwambia yote safari hii, kwa mpangilio wako, la kukosa na la msamaha wa wazazi wa Ebba bila kulainisha. Nitaanza na lile la kupenda, kwa sababu ndilo ulilolitanguliza.

Mwanao,
Riziki